Machimbo ya moramu karibu na mfongo: namna ya kulinda maji na kulirudisha shamba

Tipa ya kwanza ya moramu ikishaondoka, unachoweza kudai ni kile tu ulichokipima na kukiandika kabla yake. Wakulima wengi wa chini ya Meru na Kilimanjaro huanza kutafuta karatasi mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) ukiwa umeshajaa tope na kisima kimeshashuka. Wakati huo mchimbaji ana jibu moja jepesi: ni ukame. Hatua zilizomo humu zinalenga kumnyima nafasi ya kulitoa jibu hilo bila ushahidi, na baada ya hapo kuhakikisha shamba linarudi kuwa shamba.

Machimbo ya wazi ya makaa ya mawe, kama yale ya Ngaka wilayani Mbinga, yana hatari yake ya pekee. Miamba yenye salfa ikikutana na hewa na maji hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha madini yanayoingia mitoni. Huku kwetu tunachimba moramu, kokoto, mawe na pozolana (majivu ya volkano) ya viwanda vya saruji. Tindikali si tatizo letu. Matatizo yetu ni tope kwenye mifongo na nduwa (mabwawa ya kuhifadhia maji ya mfongo), mfongo kukatwa au kuvujia kwenye shimo, visima kushuka, na udongo wa juu kuuzwa au kufukiwa. Mpangilio wa kazi ni uleule kwa machimbo yote ya wazi: pima, andika, zuia, rudisha.

Pima kabla kijiko (mashine ya kuchimba) hakijashuka

Chukua daftari gumu, kalamu ya wino, futi ya mita 5, saa ya simu na watu wawili wa kamati ya mfongo. Kila kipimo kiwe na tarehe, saa, mahali, jina la aliyepima na saini ya shahidi. Mtendaji wa kijiji akigonga muhuri kwenye ukurasa kila mwisho wa mwezi, daftari hilo linakuwa na uzito mbele ya ofisi yoyote.

Kwa mfongo mkubwa tumia kielea. Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 10, kisicho na mawe wala maporomoko. Pima upana wa maji sehemu tatu, na kina sehemu tano kwa kila upana, kisha tafuta wastani. Dondosha chupa ya plastiki iliyojaa maji nusu, ili izame kidogo isisukumwe na upepo, na uhesabu sekunde inazotumia kufika mwisho. Rudia mara tano, ondoa matokeo yaliyo mbali na mengine. Tuseme upana ni mita 0.80, kina mita 0.20, na chupa imetumia sekunde 25. Eneo ni 0.16, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde, ukizidisha unapata 0.064. Maji ya juu hukimbia kuliko yanayosuguana na udongo wa chini, kwa hiyo zidisha tena kwa 0.7 kwa mfongo wa udongo. Jibu ni mita za ujazo 0.045 kwa sekunde, yaani lita 45. Anayesahau hiyo 0.7 hujipa maji ambayo hana, na siku ya ukaguzi takwimu zake zote hutiliwa shaka.

Kwa chemchemi na matawi madogo ya mfongo, kielea hakitoshi. Mwambie fundi wa kuchomelea akate bamba la chuma la milimita 3, lenye upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 60, na katikati alichonge pengo la pembetatu, ncha yake yenye pembe mraba (nyuzi 90) ikitazama chini. Ukingo wa pengo unolewe upande ambao maji yanaangukia, ili maji yaruke bila kushikamana na chuma. Lisimamishe wima kukata mkondo, ziba pembeni na chini kwa udongo wa mfinyanzi, na uhakikishe maji yakishapita yanaanguka bure angalau sentimita 10. Kisha simika rula mita 1 nyuma ya bamba, upande wa juu ya mkondo, sifuri yake ikilingana na ncha ya pengo. Usawa huo uupate kwa mpira wa maji (mpira angavu uliojazwa maji, ambayo husimama usawa mmoja kwenye ncha zote mbili), usiukadirie kwa macho. Maji yakisimama sentimita 10 kwenye rula, yanapita lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 15 ni lita 12. Sentimita 20 ni lita 25. Sentimita 25 ni lita 43. Angalia vizuri: kimo kikipungua nusu, kutoka 20 hadi 10, maji hayakupungua nusu. Yamebaki chini ya moja ya tano. Hapo ndipo watu wengi hudhulumiwa kwa kukubali kwamba "maji yamepungua kidogo tu."

Wengine husoma rula iliyobandikwa kwenye bamba lenyewe. Hilo ni kosa, kwa sababu maji huinama yakikaribia pengo, na kipimo hutoka kidogo kuliko ukweli.

Kisima kipime alfajiri kabla mtu hajachota. Kamba isiyovutika, yenye alama kila nusu mita na uzito mwisho, inatosha. Pima kutoka sehemu ileile ya mdomo wa kisima, uliyoipaka rangi, mara moja kwa wiki. Kwa tope, jaza chupa angavu ya lita moja, iache saa 24 bila kuigusa, pima unene wa tope lililotuama na upige picha pamoja na rula. Sampuli za maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji zipelekwe kwenye chupa safi za plastiki, na uombe vipimo vya tope, chumvi na floraidi. Maeneo ya Meru yana floraidi nyingi kwenye miamba ya volkano, na kiwango cha juu cha maji ya kunywa Tanzania ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukiwa na kipimo cha kabla, utajua kama maji mapya yaliyojitokeza kwenye shimo yanafaa hata kupelekwa kwa ng'ombe.

Jambo linalosahaulika kuliko yote: chagua kisima kimoja na mfongo mmoja ulio mbali na machimbo, kwenye mteremko mwingine lakini unaopata mvua ileile, na uvipime siku zilezile. Vya mbali vikishuka sawa na vya kwako, ni ukame kweli. Vya kwako vikishuka peke yake, chanzo ni shimo. Bila kipimo hicho cha kulinganishia, hata daftari la miaka mitatu halimbani mtu.

Vipimo vyenye thamani zaidi ni vya Januari na Februari, na vya Agosti hadi Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Ukibaki na mwezi mmoja tu kabla ya uchimbaji, pima huo huo mwezi.

Kibali cha maji na ramani

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote ni mali ya umma. Matumizi ya nyumbani yako mbele, mahitaji ya mazingira yanafuata, na shughuli nyingine, uchimbaji ukiwemo, huja baada ya hayo. Mito ya kwetu, kuanzia Themi, Usa na Nduruma hadi Kikafu na Weruweru, inasimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani yenye makao makuu Moshi. Haki za kimila za mfongo zinatambuliwa na sheria. Lakini haki isiyoandikwa popote huitetei kirahisi mbele ya mtu aliyeshika kibali chenye namba, hata kama babu zenu walichimba mfongo ule kabla ya mkoloni.

Basi kamati ya mfongo iombe kibali kwa jina la kikundi au jumuiya ya watumia maji, isiwe kwa jina la mtu mmoja. Mwenyekiti akifariki au kuhama, kibali cha jina lake huzua ugomvi usiokwisha. Ombi litaje chanzo, mahali pa banio (pale maji yanapoingizwa mfongoni), matumizi, ekari zinazomwagiliwa na kiasi cha maji. Kadirio la kuanzia ni lita 1 kwa sekunde kwa kila hekta, yaani ekari mbili na nusu, wakati wa kiangazi kikali. Mifongo ya udongo hupoteza maji mengi njiani, kwa hiyo pima kwenye banio na pima tena pale shamba la kwanza linapoanza, na ueleze tofauti hiyo kwenye ombi. Ada ya mwaka ilipwe kwa wakati na risiti zitunzwe. Pia muelewe kwamba kibali hakiwahakikishii maji yatakuwepo mtoni. Kinawapa nafasi ya kusikilizwa na ya kupinga.

Mchimbaji anayetaka kuosha kokoto, kumwagia barabara zake maji au kuvuta maji kutoka shimoni naye anahitaji kibali cha bodi. Tangazo la ombi lake likibandikwa, soma tarehe ya mwisho ya pingamizi na upeleke lako kwa maandishi pamoja na nakala ya daftari. Nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu ramani kuna mtego mmoja. Ramani nyingi za upimaji nchini zilichorwa kwa mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inasoma kwa WGS84. Namba zilezile kwenye mifumo hiyo miwili hutofautiana ardhini kwa takriban mita 300. Umbali huo unatosha kuliweka banio lako ndani ya leseni ya mtu, au kuiondoa leseni kabisa kwenye kihamba (shamba la nyumbani) chako, kwenye karatasi tu. Kabla hujalinganisha chochote, uliza ofisini ramani yao imetumia mfumo gani, na uandike jina la mfumo pembeni ya kila namba unayoinakili.

Mpaka wa ardhini nao uonekane. Masale (mimea ya kuonyesha mipaka) yanaheshimiwa na kila mwenyeji, lakini dereva wa kijiko aliyetoka mbali huona majani tu. Chomeka nguzo zilizopakwa rangi nyeupe kando ya masale kila baada ya mita 20, piga picha, na mwite jirani ashuhudie.

Kabla ya kuweka saini

Leseni ya madini haimpi mtu ardhi yako. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamzuia mwenye leseni kufanya kazi bila ridhaa ya maandishi ya anayeikalia ardhi kihalali, ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba, mita 50 kutoka kwenye ardhi iliyolimwa au yenye mazao, na mita 100 kutoka kwenye josho, bwawa au maji yanayotumiwa na watu au mifugo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za kingo za mito na mabwawa. Soma tena hayo maneno: ridhaa ya maandishi. Saini yako ndiyo inayofungua mlango, na ukishaiweka kwenye karatasi ya nusu ukurasa umeondoa ulinzi wako mwenyewe. Ukiamua kukataa, kataa kwa barua yenye sababu, maana ridhaa iliyonyimwa bila sababu ya msingi inaweza kupitwa.

Ukikubali, mkataba utaje mambo haya bila kuficha: eneo kwa hatua zake, kina cha mwisho, mahali udongo wa juu utakapowekwa, njia ya tipa, bwawa la kutulizia tope, nani atatunza mfongo unapopita, na fedha za kurudisha shamba. Fidia ya mazao, miti na usumbufu ni haki tofauti. Isichanganywe na bei ya moramu.

Kina cha mwisho kisiachwe kwa neno "hadi moramu itakapoisha." Chimba shimo la majaribio mwishoni mwa Aprili au Mei, masika yakiwa yamekolea, uone maji ya ardhini yako wapi. Sakafu ya machimbo ibaki angalau mita 2 juu ya hapo. Shimo likipita chini ya maji hayo, mchimbaji ataanza kuyavuta kwa pampu, na visima vya jirani vitashuka pamoja na shimo.

Kisha kuna ukingo. Watu huruhusu uchimbaji hadi kwenye mpaka, halafu wanadai mteremko mpole baadaye. Hauwezekani, kwa sababu nafasi haipo. Ukuta wa mita 6 ukigeuzwa kuwa mteremko wa mita 1 kwenda juu kwa kila mita 3 za mlalo, unachukua mita 18. Ukikata juu na kujaza chini sawasawa, nusu yake, mita 9, itaingia upande wa juu wa ukuta wa sasa. Ongeza mita 5 za mtaro na miti, upate mita 14. Basi kwa shimo la mita 6, uchimbaji uishie mita 14 kabla ya mpaka.

Hesabu hiyo hiyo inakupa kiasi cha fedha. Kila mita moja ya ukuta huo ina udongo wa kusukumwa mita za ujazo 13.5, ukuta wa mita 100 ni mita za ujazo 1,350. Waulize wenye buldoza wawili au watatu wanatoza kiasi gani kwa saa na wanasukuma kiasi gani kwa saa, ongeza gharama ya kusambaza udongo wa juu, samadi na mbegu, na kiasi hicho kiwekwe benki kabla ya kuanza, kwenye akaunti isiyotoa fedha bila saini za pande zote mbili. Ahadi ya kulipa mwishoni huishia mwishoni, moramu ikiwa imeisha na mashine zimehama. Mwenye leseni ndogo ya uchimbaji anatakiwa pia kuwa na mpango wa kutunza mazingira. Omba nakala, na uone kama unasema jambo moja na mkataba wako.

Udongo wa juu

Kama utashindwa mengine yote, hili usilikubali: udongo wa juu usiondoke shambani. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Tabaka la sentimita 25 ni mita za ujazo 1,012, na ukishafukuliwa hufumka kwa robo hivi, ukawa 1,265. Kwa tipa ya mita za ujazo 7, ni safari 181. Hakuna mkulima atakayenunua safari 181 za udongo mweusi ili airudishe ekari moja, na hata akiwa na fedha, udongo huo utakuwa umetoka kwenye shamba la mtu mwingine.

Ukatwe wakati umekauka kiasi. Finyanga donge mkononi: likisagika ukilibonyeza, endelea, likinyooka kama kamba, subiri. Udongo mbichi ukibebwa na mashine hugandamana na hewa hutoka. Udongo wa chini, ule mwekundu au wa kahawia usio na mizizi mingi, ukatwe baadaye na kuwekwa lundo lake. Ukiuchanganya na wa juu umeharibu yote mawili.

Lundo la udongo wa juu lisizidi mita 1.5, mita 2 ikibidi. Ndani ya lundo refu hewa haifiki, minyoo na vijidudu vyema hufa, na mbegu huoza. Lizungushie kijitaro, lipande ngwara au mukuna (jamii ya kunde zinazotambaa na kufunika ardhi) ndani ya wiki chache, na usiruhusu tipa ipande juu yake hata mara moja. Ukiweza, chimba kwa vipande: robo ekari ikiisha, udongo wa kipande kinachofuata upelekwe moja kwa moja kwenye kilichokwisha. Hakuna lundo linaloushinda udongo usiolala.

Kuzuia tope wakati kazi inaendelea

Maji ya mvua ya juu yasiingie machimboni. Chimba mtaro wa kukinga juu ya shimo, kina sentimita 60, ukishuka sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita 10, na uutoe kwenye majani au korongo lililotulia, usiutoe kwenye mfongo. Mtaro mkali kuliko huo hujichimba wenyewe na kuwa korongo jipya.

Maji ya ndani ya machimbo yaende bwawani kutulia. Mvua ya milimita 25 kwenye hekta moja iliyo wazi ni mita za ujazo 250. Bwawa la mita 22 kwa 7.5, kina mita 1.5, linabeba karibu kiasi hicho; ongeza nusu mita ya chini kwa ajili ya tope. Liwe refu kuliko pana mara tatu, maji yaingie ncha moja na kutokea ncha nyingine, juu ya mlango uliopangwa mawe. Bwawa ambalo mahali pa kutokea ni jirani na pa kuingilia halitulizi kitu, kwa kuwa maji hukatisha pembeni na kwenda zake. Mchanga hutua kwa sekunde chache, lakini udongo laini unahitaji siku, ndiyo maana bwawa dogo hutoa maji yenye rangi ya chai hata likionekana limetulia. Tope likijaa theluthi moja, litolewe.

Tipa zikivuka mfongo, liwekwe kalavati la kipenyo cha sentimita 60, likiwa na kifuniko cha udongo kisichopungua nusu mita. Kalavati jembamba huziba kwa magugu, na mfongo hufurika juu ya barabara usiku, wakati nduwa inajazwa na hakuna anayeangalia. Mfongo ukilazimika kuhamishwa, mpya uchimbwe na kujaribiwa kwa maji kabla wa zamani haujakatwa. Mwinamo wa sentimita 3 kwa mita 10 unafaa. Uupime kwa mpira wa maji. Unapopita juu ya moramu, kandika mfinyanzi wenye unyevu, tabaka la sentimita 15 hadi 20, ushindiliwe, kwa sababu moramu hunywa maji kama chujio. Kisha pima kwa kielea mwanzo na mwisho wa kipande kipya. Kikipoteza zaidi ya kile cha zamani, kamati isikipokee, na msaragambo (kazi ya pamoja ya wanakijiji) usiitwe kukarabati kazi ya mchimbaji.

Kwenye machimbo ya mawe yanayotumia baruti, chemchemi ipimwe siku moja kabla na siku moja baada ya kila mlipuko, kwenye bamba lile la pembetatu. Shimo lenye maji lizungushiwe uzio wa miiba hata kama kazi inaendelea. Kuta zake ni wima na zinateleza, na mtoto aliyeingia kuogelea hapati pa kushika.

Kulirudisha shamba

Anza kiangazi, umalize wiki mbili au tatu kabla ya mvua. Takataka za mjini zisiletwe kujazia, hata mtu akikupa bure. Zitaingia kwenye kisima chako. Sukuma kuta hadi mteremko wa moja kwa tatu pale patakapopandwa majani na miti, na moja kwa tano au chini ya hapo pale patakapolimwa.

Sakafu ya machimbo imeshindiliwa na tipa kwa miezi au miaka. Chukua nondo ya milimita 12, isukume kwa mikono miwili. Isipofika sentimita 40, mizizi ya mahindi nayo haitafika, na maji yatasimama chini ya udongo uliourudisha hadi uteleze. Ipasuliwe kwa ripa (jino la chuma linalokokotwa na trekta au buldoza) kwa kina cha sentimita 50, mistari ikifuata kontua (ikikata mteremko kwa usawa), nafasi ya mita 1 au pungufu. Kazi hii hurukwa mara nyingi, kwa kuwa ikishafunikwa haionekani. Simama hapo na nondo yako siku ile ile.

Weka udongo wa chini, kisha wa juu, sentimita 20 hadi 30, ukimwagwa kurudi nyuma ili tipa isipite juu ya uliokwisha kusambazwa. Kwenye mteremko chimba fanya juu: mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo ukitupwa upande wa juu. Kwa mwinamo wa mita 10 kwa kila 100, mitaro iachane mita 10 hadi 15. Juu ya tuta panda majani ya tembo au vetiva. Vetiva shina kwa shina, sentimita 10 hadi 15, maana pengo moja tu hutosha kuanzisha korongo.

Chukua sampuli ya udongo sehemu 15 hadi 20 ukitembea kwa kupindapinda, kina sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, peleka kilo moja kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian au cha utafiti wa kahawa cha TaCRI Lyamungu. Usinunue mbolea kabla ya majibu. Udongo wa majivu ya volkano hushika fosfora na kuinyima mimea, hivyo mbolea ya fosfeti iwekwe shimoni karibu na mbegu, isirushwe shamba zima. Fosfeti ya Minjingu hufanya kazi vizuri kwenye udongo wenye uchachu. Kwenye udongo wa magadi wa tambarare haiyeyuki ipasavyo. Samadi iliyoiva, tani 8 hadi 10 kwa ekari, ambazo ni tipa mbili hadi tatu, haina mbadala mwaka wa kwanza.

Msimu wa kwanza usipande mahindi. Panda ngwara au mukuna, ngwara kilo 8 hadi 10 kwa ekari, na zikianza kutoa maua zikatwe na kuachwa juu ya ardhi. Msimu wa pili mbaazi na mahindi kwa mchanganyiko, mizizi ya mbaazi hupasua tabaka gumu. Migomba isubiri hadi nondo izame mita moja bila shida, na kahawa isubiri zaidi ya hapo. Kwenye mipaka na miteremko panda mringaringa, mfuruanje na mgrivelia. Lusina kwa malisho. Mkaratusi usikaribie chemchemi wala mfongo.

Mambo yakiharibika

Kila jambo lina ofisi yake, na barua iliyopelekwa pasipo pake huzunguka miezi. Maji kupungua, tope mfongoni au kuvuta maji bila kibali ni la Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Kuchimba nje ya mipaka, kupita kina au kukaribia nyumba ni la Afisa Madini Mkazi. Uharibifu wa mazingira kwa jumla ni la NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mgogoro wa mpaka na umiliki uanzie baraza la ardhi la kijiji, ukishindikana usuluhishi wa kata, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hati ya hakimiliki ya kimila, kama unayo, iambatishwe kwa nakala, kamwe usitoe halisi.

Barua iwe ukurasa mmoja: nini kimetokea, tarehe gani, kipimo kilikuwa ngapi na sasa ni ngapi, kisima cha mbali kinasomaje, na unaomba nini. Nakala kwa serikali ya kijiji. Ukaguzi ukija, kamati nzima iwepo na maji yapimwe mbele ya mkaguzi kwa bamba na rula zilezile.

Fedha za benki zitoke kwa awamu. Asilimia 40 baada ya miteremko, ripa na mitaro kukaguliwa. Asilimia 30 baada ya masika ya kwanza, ngwara ikiwa imefunika ardhi. Asilimia 30 iliyobaki baada ya masika ya pili, endapo hakuna korongo jipya, kisima kimerudi kwenye kiwango cha daftari kikilinganishwa na kile cha mbali, na mfongo unapitisha maji yale yale kwenye shamba la mwisho.